Sura ya Nne: Kombo Si Makombo

Wiki yangu ya kwanza Juba nilikula bamia siku sita mfululizo, na kosa lilikuwa la sikio langu.

Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa nimeajiriwa kutunza bohari ya kampuni moja ya mizigo, na mchana tulikuwa tukila kwa mama mmoja aliyepanga meza tatu za plastiki chini ya mwembe, si mbali na Soko la Custom. Hapakuwa na ubao wa bei wala karatasi ya vyakula. Unasimama mbele ya masufuria, unauliza: "Fi shunu?" Kuna nini? Naye anafunua vifuniko kimoja kimoja huku akitaja: "Fi kombo, fi bamia, fi laham."

Laham nilijua ni nyama, na nyama niliiogopea bei. Kombo ndiyo iliyonishangaza. Kwetu Tanga makombo ni kile kinachokusanywa sahanini watu wakishanawa, riziki ya paka na kuku. Nikajisemea, huyu mama angalau ni mkweli, ana mabaki ya jana na anayatangaza hadharani. Nikamheshimu kwa uaminifu wake, nikaagiza bamia. Kesho yake vivyo hivyo. Siku ya nne alianza kunipakulia bamia kabla sijafungua mdomo.

Siku ya saba akaketi mbele yangu dereva wa lori kutoka Gulu na sahani ya kitu cha kijani kibichi, kizito, kinachong'aa mafuta kwa juu, chenye harufu niliyoijua tangu sijaota meno. Nikamwuliza anakula nini. "Kombo," akajibu, kama mtu anayetaja maji. Nikaomba kuonja, tena kwa aibu kubwa, maana mtu hadokoi sahani ya asiyemjua. Ulikuwa mchicha wa karanga. Majani yamekatwakatwa, yamechemshwa na nyanya na kitunguu, halafu karanga zilizosagwa zikamiminwa humo zikaachwa zitokote polepole mpaka zitoe mafuta yake. Bibi yangu angekula sahani mbili bila kuuliza jina. Na mimi niliukimbia wiki nzima kwa sababu ya kiambishi cha ngeli.

Nimeishi Juba miaka kadhaa sasa na bado naona kisa kile kilinipa somo la kwanza la mji: sikio la Mswahili linasaidia sana hapa, na linadanganya vilevile. Kiarabu cha Juba kilizaliwa katika karne ya 19, kwenye kambi za askari na wafanyabiashara ambako watu wa makabila mengi walilazimika kuelewana kwa Kiarabu cha kuokoteza. Kinubi kinachosikika Kibera na Bombo ni ndugu yake wa damu. Kwa mtu aliyekulia pwani, robo ya jiko lake tayari imeshatafsiriwa. Samak ni samaki, sukar ni sukari, shai ni chai, sahan ni sahani, tum ni kitunguu thomu, ibrig ni birika. Mama muuza chai akishika chupa ya gurunful anashika karafuu, na ukimwambia kwamba kwenu kuna visiwa vinavyonukia kitu hicho msimu mzima, atakutazama kama mtu anayejisifia mno.

Kisha linakuja neno ful, nalo linakuangusha. Asubuhi moja nilimtuma kijana wa bohari akaniletee ful. Akachukua pesa, akapotea nusu saa, akarudi na kilo mbili za karanga mbichi. Hakukosea. Ful masri, yaani ya Misri, ni yale maharage makubwa ya kahawia yanayochemshwa usiku kucha. Ful sudani, ya Sudan, ni karanga. Mkahawani neno hilo moja lina maana ya kwanza, sokoni lina maana ya pili, na anayetuma mtu asubuhi bila kufafanua anastahili anacholetewa. Karanga zile tulizikaanga tukazitafuna siku tatu.

Ful ya mkahawani ndiyo iliyonitibu hamu ya mbaazi za nazi. Mtu wa Tanga asipopata mbaazi na maandazi asubuhi, siku haijaanza, imejitokeza tu. Juba nazi ni adimu, na niliyoipata mara moja ilikuwa kavu, imeanza kuoza ndani. Lakini nenda saa moja asubuhi kwenye kibanda chochote cha ful. Wanakupa bakuli la bati na chupa tupu ya soda. Chupa si ya kunywea. Unaponda maharage kwa kitako chake, mwenyewe, kadiri unavyotaka yalainike. Juu yake kitunguu kibichi, nyanya ikiwapo, bizari ya pilau, jibini nyeupe yenye chumvi kama ya baharini, na tamia moja au mbili, zile bajia za dengu, zimevunjwavunjwa. Mwisho mafuta ya ufuta yanamiminwa bila huruma, na shata, pilipili ya kusaga, pembeni. Watu watatu wanne wanazunguka bakuli moja, kila mmoja na mkate wake, wengine hawajuani. Mkono ukigonga mkono, mtu anasema malesh, pole, anaendelea kula. Sijaona mahali pengine mjini ambapo karani, dereva wa senke na askari wanakaribiana kiasi hicho. Senke, kwa msomaji asiyejua, ni pikipiki ya abiria. Jina limetoka kwenye chapa ya pikipiki zenyewe, kama watu walivyozoea kuita kila dawa ya meno kwa jina moja.

Nilisema nyanya ikiwapo. Hapo ndipo mambo ya mji huu yalipo.

Kutoka mpaka wa Nimule hadi Juba ni kilomita 192. Barabara hiyo iliwekwa lami kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, ikawa barabara kuu ya kwanza ya lami nchini, na mpaka leo ndiyo koo la mji. Nyanya, vitunguu, mayai, kabichi, ndizi za kupika, unga wa sembe, sehemu kubwa ya hivyo hupanda kwa lori kutoka Uganda. Mto Nile unapita katikati, ardhi inayoweza kulimwa imelala pande zote, na bado kitunguu kwenye ful yako kimesafiri kuliko wewe. Vita ndivyo vilivyofanya hivyo, na mafuta ya petroli yakachangia: nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011 ikizoea dola za visima haikuharakisha kushika jembe, na wale waliokuwa wamelishika walifukuzwa mashambani.

Kwa hiyo koo likibanwa, mji unajua siku hiyohiyo. Aprili 2021, baada ya madereva kuuawa barabarani, wenzao waliegesha malori Elegu, upande wa Uganda, wakakataa kuvuka mpaka wahakikishiwe usalama. Kazini kwetu simu ziliita kutwa. Sokoni nyanya ziliacha kuuzwa kwa fungu, zikauzwa moja moja, kama pipi. Mimi si mtu wa nyanya. Nyumbani nilikuwa naziengua kwenye kachumbari. Wiki ile niliota nyanya. Niliota nimekaa uani nakata nyanya tu, kisu butu, maji yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Katikati ya mwaka 2023 ikawa zamu ya unga: malori ya mahindi na unga kutoka Uganda yalizuiwa Nimule kwa sababu ya sumukuvu, na ghafla ofisi nzima ikawa inazungumzia ugali mweupe kama watu wanavyomzungumzia mpenzi aliyeondoka.

Tangu hapo nimeacha kuamini kwamba hamu inakaa ulimini. Hamu yangu ya Juba inafuata ratiba ya malori. Kinachokosekana Jumatatu ndicho ninachokitamani Jumanne, na kikifika Ijumaa kikiwa kimejaa hadi mitaroni, nakipita bila kukiangalia. Rafiki zangu wa Kikenya, ambao Jumamosi huapa kwamba hawawezi kuishi bila nyama choma, nimewaona wakila samaki miezi mitatu bila kulalamika, mpaka mtu mmoja alipotaja kwamba mbuzi wamepanda bei.

Hata hivyo kuna hamu moja haikujali malori. Nayo ni bada.

Bada ni ugali wa muhogo, na nje ya Tanga wengi hawaoni fahari yake. Unavutika, una rangi ya kijivu, na ukiukosea unakuwa gundi ya kubandikia mabango. Lakini kwa samaki wa kukaanga aliyechovywa kwenye mchuzi wa ndimu na pilipili, hauna mpinzani. Samaki nilikuwa naye tayari. Soko la Konyo Konyo, lile kubwa la upande wa Kator, lina sato na sangara kutoka mtoni, wabichi asubuhi, na waliokaushwa kwa moshi kutoka Terekeka, wamekunjwa mkia mdomoni kama pete. Wanamwita sangara ijil. Nilimwangalia kwa heshima mpya nilipokumbuka kwamba Ziwa Victoria ndiko alikopandikizwa miaka ya 1950. Huku Nile ndiko kwao. Kilichokosekana kilikuwa muhogo.

Muhogo wanauita bafra. Niliuliza bafra Custom, nikaonyeshwa mihogo mibichi ya kuchemsha. Nikauliza Suk Jebel, nikaonyeshwa hiyohiyo, mikongwe. Nilitaka makopa, ule muhogo uliomenywa ukaanikwa mpaka ukawa mweupe kama chaki, wa kutwanga. Mwisho mama mmoja wa Konyo Konyo, baada ya kunitazama nikijieleza kwa mikono, nikigandamiza hewa kama mtu anayesonga, akacheka, akainama chini ya meza, akatoa mfuko wa plastiki wenye unga. Akaumwaga kidogo kiganjani kwangu. Nikaunusa. Ule uchachu mwembamba, kama nguo iliyokauka kivulini. Nikaulizia bei kwa sauti ya mtu asiyejali, na nadhani nilishindwa, maana aliongeza.

Alikuwa Mkakwa kutoka Yei. Kwao asida, yaani ugali, ya muhogo ni chakula cha kila siku, akaniambia, na anayekula asida ya mtama anaonekana mgeni. Yei na mashamba yake ilikuwa ghala la Juba: muhogo, mahindi, karanga, nanasi, asali. Mapigano ya Julai 2016 yalipoanza hapa mjini, moto ulisambaa kusini na magharibi, na watu wa Equatoria wakamiminika Uganda. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo. Kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu zaidi ya 200,000. Walioulima muhogo wa Juba wakawa wanapanga foleni ya mgawo ng'ambo ya mpaka. Mama yule alikuwa amekaa Bidi Bidi miaka miwili. Unga alioniuzia ulitoka Uganda pia, kwa ndugu zake waliobaki huko wakilima vipande vya ardhi walivyopewa. Yaani muhogo wa Yei, umelimwa na watu wa Yei, umefika Juba kupitia Nimule kama vitu vingine vyote.

Nilipika bada jioni ile kwenye jiko la mkaa, uani Munuki. Mama mwenye nyumba alisogea akaangalia sufuria, akaangalia mwiko wangu, akasema tu, "Asida ta bafra," na kurudi kwenye kiti chake. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza kuhusu Tanga. Hakuhitaji.

Mama mwenye nyumba huyo ndiye aliyenifundisha kisra, na hapa inabidi nitulie kidogo, kwa sababu kisra sikuipenda.

Mwanzoni niliifananisha na kanga iliyolowa. Ni mkate mwembamba wa mtama uliochachushwa, mwembamba kiasi kwamba ukiuinua juani unaona vidole vyako upande wa pili. Baridi, laini, mchachu. Unaletwa umekunjwa mara nne kwenye sinia, na mara ya kwanza nilidhani ni kitambaa cha kufutia mikono. Sitanii. Niliunyoosha mkono.

Yeye alijifunza kuitengeneza Khartoum. Wazazi wake walikimbilia kaskazini wakati wa vita vya zamani, naye akakulia kwenye vitongoji vya wakimbizi wa ndani pembeni mwa jiji lile, akauza kisra mlango kwa mlango akiwa binti. Mwaka 2011 alirudi kwa tishari kutoka Kosti, siku nyingi majini, na kati ya vitu vichache alivyopakia ni sahani ya chuma ya kupikia, nene, nyeusi, kubwa kuliko gurudumu la baiskeli ya mtoto. Anaiita saj. Kitanda alikiacha.

Unga wa mtama, dura, unakorogwa na maji na ngano kidogo, kisha unatiwa kijiko cha ule wa jana ili uchachuke. Kwa joto la Juba la Machi, hausubiri asubuhi. Saa tano za usiku umeshaanza kutoa povu na kupumua. Alfajiri saj inawekwa kwenye mafiga matatu. Anapaka mafuta kwa kitambaa, kwa kugusa tu. Anachota uji kwa kikombe, anaumwaga ukingoni, halafu kwa gargariba, kipande cha jani la mtende kilichokatwa upana wa kadi, anauvuta kwa mikono miwili kwenda na kurudi, haraka, kama anayefuta ubao. Sauti yake ni chwaa, chwaa, chwaa. Kabla hujahesabu ishirini kingo zimejiinua zenyewe. Anazishika kwa kucha, anavua kisra nzima kwa mkupuo, anaitandika juu ya nyingine. Nimemhesabia hamsini bila kupumzika, huku akimkaripia mjukuu na kujibu simu.

Yangu ya kwanza ilikuwa na matundu saba. "Biniya," aliniambia akiishika juu, binti, "hii si kisra, hii ni wavu wa samaki." Ya pili iliungua upande mmoja ikabaki uji upande wa pili. Nilipofikisha ya kumi alinyamaza, nami nikachukua ukimya ule kama cheti.

Kisra huliwa kwa mulah, jina la jumla la mchuzi mzito. Anaoupenda yeye ni wa weika, bamia zilizokaushwa na kusagwa, na sharmut, nyama iliyoanikwa. Unapekechwa kwa kijiti chenye mabawa wanachokiita mufraka, ambacho ni upekecho wetu kabisa, mpaka uvutike nyuzi. Na khudra, majani yale mabichi yenye mvuto wanayoyasifu watu wote wa mji huu, ni mlenda. Nimekutana na Watanzania Juba wanaoapa kwamba mlenda ni chakula cha shamba, wakalipia sahani ya khudra hotelini bila kujua wanalipia nini. Kisra unaichana kwa vidole vitatu, unaukunjia mulah ndani, unameza kabla mchuzi haujachuruzika. Uchachu unakata mafuta ya nyama. Miezi kadhaa nilikula kwa adabu. Siku nisiyoijua nikaanza kula kwa njaa.

Na mtama ni wa huku, jambo ambalo wengi wetu tunaolelewa na mahindi tumelisahau. Mabaki ya zamani kabisa ya mtama ulioanza kulimwa na binadamu yamepatikana mashariki mwa Sudan, ukanda wa Kassala, kwenye vipande vya vyungu vya zaidi ya miaka 5,000. Mahindi yalikuja na Wareno. Kila ninapomsikia mtu akiita ugali wa sembe chakula cha asili ya Mwafrika namkumbuka mama mwenye nyumba na saj yake, ila huwa sisemi kitu, maana watu wakila si wakati wa kuwafundisha historia.

Lazima nilitaje jambo moja hata kama linaharibu utamu wa sura hii. Ninaandika juu ya hamu katika nchi ambayo Februari 2017 ilitangaziwa baa la njaa katika kaunti za Leer na Mayendit, na ambako kila mwaka mamilioni hawajui watakula nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa; nami nimeshiba miaka yote niliyokaa hapa. Kuna tunda dogo la manjano liitwalo lalob, linauzwa kwa vikopo kando ya shule. Unavunja ganda lake la karatasi, unalimung'unya, tamu na chungu kwa pamoja, unang'ang'ana na kokwa dakika kumi. Mimi nalinunua kwa kujifurahisha. Siku moja nilimpa mlinzi wetu wa bohari, mtu mzima kutoka Jonglei, akakataa kwa upole kwa kuweka kiganja kifuani. Akasema alishakula yake yote akiwa mtoto njiani. Sikuuliza njia ipi.

Maembe hayana kumbukumbu ya namna hiyo, nayasifu bila woga. Msimu ukifika, kuanzia Machi hivi, Juba inaanguka maembe. Yanaanguka kwenye mabati usiku kama mawe, yanaoza mitaroni, mbuzi wanayachoka. Na madukani, rafuni, juisi ya embe ya boksi iliyotoka nje ya nchi. Nimesimama mbele ya rafu ile mara nyingi nikitafuta wa kumlaumu.

Tarehe 15 Aprili 2023 vita vikaanza Khartoum, na mji aliokimbilia mama mwenye nyumba utotoni ukawa mji wa kukimbiwa. Walikuja Wasudan Kusini waliokuwa wamebaki huko, na Wasudani wenyewe pamoja nao. Mtaani kwetu ilionekana kwanza kwenye kisra. Zikaongezeka beseni za kisra kando ya barabara, zimefunikwa nailoni, na bei ikashuka, na mama mwenye nyumba akaanza kuzikagua za wenzake kwa jicho la mkaguzi wa serikali. Nyembamba, anakubali. Lakini chachu changa.

Mkate ulikuwa mikononi mwa Wasudani tangu zamani, wengi wao wa Darfur: tanuri, unga mpaka kwenye nyusi, mikate ya duara inayotoka saa kumi na moja alfajiri. Januari 2025, baada ya habari za mauaji ya Wasudan Kusini huko Wad Madani, Sudan, vijana wa Juba walivamia maduka ya Wasudani wakapora. Watu waliuawa. Serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku. Tanuri la mtaani kwetu lilifungwa, na mwenye tanuri, ambaye nilikuwa namsalimia kila alfajiri bila kumjua jina, akatoweka. Siku ya pili nilikwenda kibanda cha ful kwa mazoea. Maharage yalikuwepo, mafuta ya ufuta yalikuwepo. Mkate haukuwepo. Tulizunguka bakuli wanaume wawili na mimi, tukatazamana, mmoja akaomba kijiko. Ful kwa kijiko haina ladha. Nilikula nusu.

Alirudi baada ya majuma kadhaa. Alfajiri niliyosikia harufu ile nilitoka na kanga ya kulalia, nikanunua mikate kumi, mwanamke anayeishi peke yake. Hakuuliza ya nini. Aliongeza mmoja juu.

Mwaka huo huo nilipata likizo nikaenda nyumbani. Nilikuwa nimeisubiri bada ya mama yangu kwa miezi, na nilipofika ilikuwa mezani, na samaki, na ndimu. Nilikula, nikasifu, na ilikuwa tamu kama zamani. Siku ya nne nikaanza kutafuta kitu. Nilifungua kabati, nikafunga. Nilinunua achari. Nilinunua mtindi. Mama akauliza kama nina mimba, kwa matumaini ambayo hakuyaficha.

Siku ya tano nilikwenda Soko la Mgandini nikanunua unga wa mtama na karanga. Usiku nikachachusha. Asubuhi nikageuza chuma cha chapati kuwa saj, na kadi ya zamani ya simu ikawa gargariba. Zilitoka nne za kuangaliwa na sita za wavu. Mchicha nikauunga karanga, mzito, mpaka ukatoa mafuta.

Mama alichana kipande akatafuna taratibu. "Togwa hii," akasema. "Mbona umeichoma?"

Nikamweleza. Akauliza mboga yenyewe wanaiitaje huko.

"Kombo."

Akaweka kipande chini. "Miaka yote umekaa ugenini, umerudi kunilisha makombo nyumbani kwangu?" Akavuta sahani ya samaki, na chakula changu kikabaki katikati ya meza mpaka nilipokifunika.

Usiku nilisikia mlango wa jikoni. Nilimkuta amesimama gizani, taa ya simu imelazwa kando ya jiko, anapangusa sufuria kwa kipande cha mwisho cha kisra.

"Makombo," alisema bila kugeuka.